Ruzuku ya Miezi 12, Sokwe wa Miaka 40

Sokwe mtu anayefikishwa kwenye kituo cha Lwiro, mashariki mwa Kongo, mara nyingi ni mtoto. Mama yake ameuawa kwa ajili ya nyama, naye amenusurika kwa sababu mtoto aliye hai ana bei yake sokoni. Tuseme ana miaka 2. Akitunzwa vizuri, kuishi miaka 40 mingine si ajabu. Wapo wanaovuka umri wa miaka 50. Miaka 40 ni miezi 480. Ruzuku ndogo zinazotangazwa kwa mashirika ya aina hii kwa kawaida ni za miezi 12, mfadhili akiwa mkarimu 24. Kwa hiyo mtoto huyo mmoja anahitaji ruzuku 40 zifuatane bila pengo, maana ndizi za Jumatatu hazisubiri bajeti ya mwaka ujao.

Tuchukulie kwamba katika kila maandiko kumi ya mradi, moja hukubaliwa. Ruzuku 40 ni maandiko 400: kumi kila mwaka, tangu sokwe yuko mikononi mwa mlezi hadi amezeeka.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu kwetu mazungumzo ya ruzuku huanzia upande mwingine. Mtu akisema mjini Bukavu kwamba wamepata projé, yaani mradi wa mfadhili, swali la kwanza ni la nani, la pili ni dola ngapi. Miezi mingapi haulizi mtu. Mimi naona idadi ya miezi ndiyo inayofichua bei, na Lwiro ni mahali pazuri pa kuionyesha, kwa kuwa kila kitu pale kimejengwa kudumu: maabara, maktaba, hospitali, na sasa wanyama.

Kijiji kiko kilomita 45 hivi kaskazini mwa Bukavu, katika territoire ya Kabare, chini ya milima ya Kahuzi-Biega. Anayefika mara ya kwanza hudhani amepotea njia. Anatoka kwenye mashamba ya mihogo na migomba, ghafla yuko mbele ya jumba la kifahari lenye bustani, lililochorwa na msanifu Mbelgiji, Charles Van Nueten. Ndiyo yaliyokuwa makao makuu ya IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati iliyoundwa mwaka 1947 na kuongozwa na Louis van den Berghe. Ilikuwa na matawi Uvira kwa mambo ya ziwa, Astrida kule Rwanda kwa mambo ya jamii, Mabali kwenye misitu ya Équateur, na Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwanahistoria Jan Vansina aliwahi kuongoza kituo cha Astrida.

Mtafiti wa IRSAC hakuandika andiko la mradi kila Septemba. Alipangiwa bajeti ya miaka, nyumba na gari. Sisemi hivyo kuusifu ukoloni. Fedha zile zilitoka kwenye udongo na jasho la nchi hii hii. Mwaka huo huo wa 1947 Ubelgiji iliunda pia mfuko wa ustawi wa wenyeji, Fonds du Bien-Être Indigène, uliochimba visima na kujenga zahanati na shule vijijini. Sehemu kubwa ya mtaji wake ilikuwa gharama za vita ambazo Ubelgiji iliirudishia koloni lake. Yaani mfuko mkubwa wa “misaada” ya vijijini nchini ulijazwa kwa sehemu kubwa na deni ambalo Kongo ilikuwa inadai. Jambo hili linafaa kukumbukwa kila tunapoandika kwenye fomu kwamba “tunashukuru kwa ukarimu wenu”.

Baada ya uhuru IRSAC iligeuka hatimaye kuwa CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia, bajeti ya serikali ikanyauka, na kazi nyingi za pale zikaanza kuishi kwa fedha za miradi. Mwaka 2002, katikati ya vita, CRSN na taasisi ya hifadhi ICCN zilianzisha kituo cha kuwatunza nyani na sokwe waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wachuuzi, CRPL. Leo kina sokwe mtu zaidi ya 100 na nyani wengine zaidi ya 100 wa aina mbalimbali. Shirika la Kihispania Coopera limekuwa nacho kwa muda mrefu, na kituo ni mwanachama wa PASA, muungano wa vituo vya aina hiyo barani. Matunda na mboga hununuliwa kwa wakulima wa jirani, kwa hiyo ruzuku ya sokwe ikichelewa, mama mwenye shamba la kabichi naye anajua.

Sasa tumwache sokwe tumwangalie huyo mama. Tuseme yuko kwenye kikundi cha wanawake 25, wenye mutuelle, ile wanayoita MUSO. Wana visanduku vitatu: cha kijani cha mikopo, chekundu cha matatizo, na cha buluu cha fedha zinazotoka nje. Kila mmoja anaweka faranga 2,000 kwa wiki. Mara 25, mara wiki 52, ni faranga 2,600,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu faranga 2,800, kwa hiyo akiba yao ni kama dola 930.

Kikundi kinataka bustani ya miche ya kupanda pembezoni mwa hifadhi ya Kahuzi-Biega, ili kuni zisitafutwe ndani. Miti ikipandwa mita 3 kwa 3, hekta moja hubeba miti 1,111. Wanataka hekta 10. Ni miche 11,000 na kitu, na kwa kuwa mingine itakufa, waoteshe 14,000. Kila mche ukigharimu senti 35 za dola hadi unafika shimoni, kwa mbegu, viriba, maji na mikono, jumla inakaribia dola 4,900. Kwa akiba yao wenyewe, ambayo kwanza ni ya ada za shule na wagonjwa, wangehitaji miaka mitano na zaidi bila kukopeshana hata faranga. Ruzuku ya dola 5,000 hapo ni kitu kikubwa. Hakuna ubishi.

Tatizo ni bei ya kuipata.

Ili kupokea fedha za nje kwa jina lake, kikundi kinahitaji kuwa ASBL, yaani shirika lisilo la faida, chini ya Sheria Na. 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Inataka wanachama saba kwenda juu, katiba, maoni ya wizara inayohusika, kisha utu wa kisheria kutoka kwa Waziri wa Sheria, kule Kinshasa. Wengi huishia na ile karatasi ya F.92, uthibitisho kwamba jalada limepokelewa, na karatasi hiyo huzeeka nao. Kisha akaunti ya benki yenye saini mbili au tatu. Kisha andiko lenyewe, kwa Kifaransa au Kiingereza; sijawahi kuona fomu inayopokea Mashi, lugha ya hapa, na Kiswahili ni nadra kama mvua ya Julai.

Tuweke siku 15 za kazi kwa andiko moja: mikutano, bajeti, barua za machifu, safari za Bukavu kutafuta umeme na intaneti. Siku moja tuipe thamani ya dola 10, ambayo kwa mtu anayejua kuandika bajeti kwa Kifaransa si nyingi. Andiko moja ni dola 150. Kama moja katika kumi ndilo linalopita, ruzuku moja inagharimu dola 1,500. Kwenye ruzuku ya 5,000 hiyo ni asilimia 30. Kwenye ruzuku ya 50,000, kwa jasho lile lile, ni asilimia 3. Ndiyo maana mkubwa hupata tena na mdogo huchoka: gharama ya kuomba haipungui kwa sababu unaomba kidogo.

Na moja katika kumi ni makadirio ya mtu mwenye matumaini. Mfuko wa Tony Elumelu wa Nigeria, unaowapa wajasiriamali wa Afrika nzima dola 5,000 zisizorudishwa, ulianza mwaka 2015 kwa nafasi 1,000. Walioomba walizidi 20,000: mmoja katika 20. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 216,000 kwa nafasi 3,050. Mmoja katika 71. Kijana wa Kavumu, jirani na Lwiro, mwenye mashine ya kusaga anaweza kuomba, na afanye hivyo, kwa kuwa fomu ni ya mtandaoni na haidai utu wa kisheria. Asiuze tu mbuzi akisubiri jibu.

Kwa kikundi chetu cha miche milango inayoingilika ni michache, na kila mmoja una kimo chake. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi. Ya kwanza imekuwa kati ya paundi 5,000 na 7,000 katika miaka ya karibuni, na uzuri wake ni kwamba aliyemaliza ya kwanza kwa ripoti safi anaweza kurudi kwa ya pili kubwa zaidi. Hicho ni kitu adimu: mfadhili anayekubali kwamba miezi 12 haitoshi. Mfuko wa Mohamed bin Zayed wa Abu Dhabi hutoa hadi dola 25,000, lakini fedha hufuata aina moja ya kiumbe inayotajwa kwa jina. Ukiandika “mazingira ya Kahuzi” umekosea mlango. Ukiandika chura fulani wa mabonde ya Kabare, au mti fulani, unasikilizwa. Hapo CRSN ina mtaji ambao vikundi vingi havijui kuutumia: watu wanaojua majina ya vyura.

Halafu ipo programu ya ruzuku ndogo ya GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, inayoendeshwa na UNDP tangu 1992. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake kikomo chake kilikuwa dola 50,000, na imelengwa hasa kwa vikundi vya wenyeji. Inataka kikundi kioneshe mchango wake, na hapa vikundi vyetu hujidhulumu. Huandika “mchango wa walengwa: hakuna” kwa sababu hawana fedha mfukoni. Wanawake 25 wakifanya kazi siku 40 kila mmoja ni siku 1,000. Hata ukiipa siku dola 2, umechangia 2,000. Ongeza kiwanja cha bustani na samadi. Mtu wa mjini anayeandika kwa ajili yao husahau kuhesabu mikono, kwa sababu yake hajaitia udongoni.

Fedha zikiingia, inaanza hesabu nyingine ambayo haipigwi picha. Nani analipa mhasibu, pango la ofisi, umeme wa jua wa kuchajia kompyuta? Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 juu ya gharama za mradi kwa mambo ya uendeshaji. Mradi wa dola 50,000 unabakiza hapo 3,500, yaani dola 292 hivi kwa mwezi kwa ofisi nzima. Marekani iliruhusu asilimia 10 kwa mashirika yasiyo na kiwango kilichojadiliwa, ikapandisha hadi 15 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Ilikuwa habari njema iliyodumu chini ya miezi minne.

Na hayo ni kwa anayepokea moja kwa moja. Fedha nyingi hushuka kwa ngazi: shirika la kimataifa, kisha la Kinshasa au Bukavu, kisha la kijijini. Kila ngazi ikibakiza asilimia 15, dola 100,000 zinafika 85,000, kisha 72,250, kisha 61,400 hivi. Mara nyingi ngazi ya chini kabisa, inayokanyaga matope, ndiyo inayoambiwa kwamba bajeti haina nafasi ya uendeshaji. Mwaka 2016 wafadhili na mashirika makubwa waliahidiana, katika makubaliano yaitwayo Grand Bargain, kwamba asilimia 25 ya fedha za dharura duniani zifike kwa wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2022 zilizofika kwao moja kwa moja zilikuwa asilimia 1.2.

Nikirudi kwenye miezi: mwaka 2025 uliwafundisha watu wa Kivu kwamba hata 12 iliyoandikwa kwenye mkataba si 12. Tarehe 20 Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Tarehe 10 Machi waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada, zimefutwa, mikataba kama 5,200, na tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa. Kwa Kongo, ambako Marekani ilikuwa imebeba karibu asilimia 70 ya fedha za kibinadamu mwaka 2024, ilikuwa kama nyumba ya nguzo nne kung'olewa karibu tatu usiku mmoja. Kati ya tarehe hizo kulitokea jingine. Waasi wa M23 waliteremka kando ya Ziwa Kivu, wakachukua uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 Februari na kuushika mji wa Bukavu siku mbili baadaye. Benki zikafunga milango. Fedha taslimu zikaadimika, uwanja wa ndege ukanyamaza.

Tafakari maana yake kwa kikundi chenye ruzuku iliyokwisha kubaliwa. Fedha zipo, mkataba umesainiwa, na akaunti haifunguki. Ikipatikana njia ya simu, kila hatua ina makato yake: tuseme asilimia 3 kutuma na kutoa, na asilimia 5 nyingine kwa wakala ambaye noti ameziona za mwisho wiki jana. Kwenye dola 5,000 hizo ni 400, zaidi ya miche 1,100, hekta nzima. Wala mkataba hauna mstari wa gharama hiyo. Lakini kilichouma zaidi kuliko makato ni msimu. Mvua kubwa za upande huu huanza Septemba. Miche ikikosa fedha za viriba Mei, mwaka umekwenda, wakati ripoti ya mwisho bado inadaiwa kwa tarehe ile ile.

Kuna utafiti wa Lwiro penyewe ambao ningependa kila mfadhili auone kabla ya kuandika neno “matokeo ndani ya miezi 12”. Hospitali ya watoto ya pale imetibu utapiamlo kwa miongo mingi. Watafiti walichukua majalada ya watoto 1,981 waliotibiwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007, wakaenda kuwatafuta vijijini miaka 11 hadi 30 baadaye, kupitia vita viwili na watu kuhamahama. Walipata zaidi ya 500 wa kuwapima na kuwahoji, wengi wao wakiwa na miaka ishirini na kitu. Waliwalinganisha na wenzao wa jamii ile ile ambao hawakuugua. Waliopatikana walikuwa hai, na hilo ni kubwa. Lakini walikuwa nyuma shuleni, na majaribio ya akili yalionyesha alama ya njaa ya utotoni.

Ripoti ya mradi ya mwaka 1990 ingeandika “mtoto amepona, ametoka hospitalini” na isingekuwa inadanganya. Ilichukua miaka 30, na watu waliotunza karatasi za hospitali katika kabati zisizoungua wala kuloa, kujua kwamba sentensi hiyo ilikuwa nusu. Sijawahi kuona mfadhili akitangaza ruzuku ya kutunza kabati za hospitali.

Inawezekana kuhesabu njia nyingine. Mfuko ule wa Abu Dhabi ulianza na mtaji wa euro milioni 25 uliowekwa mara moja, na hugawa kutokana nao. Hifadhi za Kongo nazo zina mfuko wa aina hiyo, Fonds Okapi. Mtaji ukizaa asilimia 4 kwa mwaka, kila dola moja ya matumizi ya milele inahitaji dola 25 zilizolala. Kikundi chetu kikitaka dola 1,000 kila mwaka kulinda miti hadi ikomae na kuziba mapengo, kinahitaji 25,000. Wanapoipigia mahesabu watu huguna: ni nyingi mno! Lakini ruzuku tano za dola 5,000 ni 25,000 vile vile, na kwa hesabu yetu ya juu zimegharimu maandiko 50 na siku 750 za kazi, na mwaka wa sita kisanduku ni kitupu. Ubaya ni kwamba hakuna fomu ninayoijua inayokiruhusu kikundi cha wanawake 25 wa Kabare kuandika kwenye mstari wa bajeti: “fedha hizi hatutazitumia.” Mkaguzi angeziita salio na kudai zirudishwe.

Hivyo vikundi vyenye akili hufanya kimya kimya kile ambacho fomu haikitaji. Posho ya mafunzo iliyotolewa kwa kila mwanachama, badala ya kwenda nayo nyumbani, nusu inaingia kisanduku cha kijani. Wanawake 25, siku 4 za mafunzo, dola 5 kwa siku: ni 500, nusu yake 250. Ikikopeshwa kwa riba wanayoipanga wenyewe na kuzungushwa mara kadhaa kwa mwaka, ndiyo itakayonunua viriba mwezi Mei ambao hakuna mtu aliyetuma kitu. Kisanduku cha buluu kinaweza kukaa kitupu hadi wito mwingine utangazwe.

Wito huo kwa kawaida hufungwa saa sita usiku kwa saa za Washington. Lwiro wakati huo ni asubuhi mapema, na walezi wa CRPL wanakaribia kwenda kugawa maziwa.